Kazi za watu katika kompyuta ya nyumbani: amana isivuje

Katika nyumba nyingi zetu kompyuta ni moja na watumiaji ni wengi. Mchana watoto huitazamia katuni. Baada ya Isha mama, ambaye ni katibu wa kamati ya madrasa, huifungua ili kuingiza majina ya wanafunzi, ada zilizolipwa na namba za simu za wazazi. Kazi yenyewe ni ya usiku mmoja au miwili kwa mwezi, na kwa uchache wake huo hakuna anayejali inapitia mlango gani.

Mlango huo ni kivinjari, yaani programu tunayofungulia tovuti. Kilichoenea zaidi ni Chrome, kilichotolewa na Google mwaka 2008. Ni kizuri na chepesi, ila mwenyewe ni kampuni ambayo sehemu kubwa ya mapato yake hutokana na matangazo, na tangazo hupanda thamani kadiri mtazamaji anavyojulikana. Wengi hujiliwaza kwa “hali fiche”. Hali hiyo huwaficha wa nyumbani historia yako; haiizuii tovuti uliyoitembelea kukuona. Google ilishitakiwa Marekani juu ya jambo hilo mwaka 2020, na mwaka 2024, katika mapatano ya kumaliza kesi, ikakubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu.

Sisi Waislamu tuna sababu ya ziada ya kuwa macho. Novemba 2020 jarida la Motherboard lilifichua kwamba Muslim Pro, programu ya simu ya nyakati za swala na kibla, ilikuwa ikipeleka taarifa za mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni ya X-Mode, ambayo nayo iliuza taarifa za namna hiyo kwa wakandarasi wa jeshi la Marekani. Muslim Pro ilitangaza kukata uhusiano huo. Si kivinjari, ni kweli, lakini biashara ni ileile.

Surat al-Hujurat, katika aya ya 12, imekataza kupelelezana. Anayejianika mwenyewe atajijua. Majina ya watoto wa wenzake si mali yake ya kuanika.

Basi kiwepo kivinjari cha pili, cha kazi tu. Kwa maoni yangu Firefox ndicho kinachofaa zaidi. Kiko chini ya Mozilla, taasisi isiyo ya kutafuta faida, na tangu mwaka 2022 toleo lake la kompyuta hutenga vidakuzi, vile vijifaili vya kumbukumbu ambavyo tovuti huacha kwako, ili visitumike kukufuata kutoka tovuti moja hadi nyingine. Si malaika: fedha nyingi za Mozilla hulipwa na Google ili mtambo wake wa kutafutia uwe chaguo la kwanza. Badilisha hilo siku ya kwanza, weka DuckDuckGo.

Mfumo wa ofisi ukikataa kufunguka katika Firefox, jaribu Brave. Hicho kimejengwa juu ya msingi uleule wa Chrome, na huzuia matangazo na wafuatiliaji tangu mwanzo. Huja pia na mambo ya sarafu za kidijitali na malipo ya kutazama matangazo. Hayo si ya lazima, na mwenye shaka nayo ayaache yalivyo.

Kivinjari kisichofunguliwa mara kwa mara hupitwa na wakati, na toleo la zamani ni tundu kwa wezi. Kiache kwanza kijisasishe, ndipo uanze kazi. Kiamuru kifute vidakuzi kila kinapofungwa, na usihifadhi humo nenosiri. Kuliandika upya mara mbili kwa mwezi si mzigo.

Hata hivyo, jedwali mliloliweka kwenye akaunti ya Google litabaki kwa Google, kivinjari chochote mtakachotumia. Na faili ulilopakua hukaa katika folda ya vipakuliwa hadi uliondoe kwa mkono wako, humohumo mtoto anamotafuta katuni yake.