Kuaga Jamaa Kabla ya Safari ya Marekani

Huko Mutomo, upande wa kusini wa Kitui, mvua za masika aghalabu hukatika kabla mwezi wa Mei haujakwisha, nazo mara nyingi ni haba. Mkulima wa huko huweka tumaini lake zaidi katika mvua za Oktoba hata Desemba. Katikati ipo miezi mikavu ambayo mbuzi ndio akiba ya nyumba, na ni katika miezi hiyo hiyo vyuo vikuu vingi vya Kenya hufunga kwa likizo ndefu. Kwa Wamarekani hayo ndiyo majira ya joto: shule zimefungwa, hoteli za pwani zao zimejaa wageni, na wenye biashara hutafuta vijana wa kazi. Upo mpango wa siku nyingi wa Serikali ya Marekani unaowaruhusu wanafunzi wa vyuo vikuu vya nchi nyingine kwenda kufanya kazi huko wakati wa likizo yao, kwa muda usiozidi miezi 4. Wanafunzi wa Kenya nao wamo.

Mwanafunzi wa Mutomo akisha kupata viza, watu hudhani ya kuwa kazi iliyobaki ni kufunga sanduku. Sivyo. Kazi iliyobaki ni kuaga, na kuaga kwenyewe ni safari kubwa, kwa kuwa jamaa za mtu wa Kitui hawakai mahali pamoja. Baba huenda anafanya kazi Mlolongo, shangazi yuko Embakasi, mjomba Ikutha, kaka mkubwa Changamwe. Na nyanya, ambaye ndiye mwenye haki ya kwanza, hakuondoka Mutomo hata siku moja. Wakati mwingine zimebaki siku 10 tu kabla ya ndege.

Basi huanzia nyumbani. Akiwa anasoma katika Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichoko Kwa Vonza na kilichopewa hati yake mwaka 2013, hiyo si safari ya kuchosha: hufika Kitui mjini, akapanda matatu ya kusini, na kwa muda wa saa chache akaona vilima vya mawe vya Mutomo. Baba yake akiwa kijana hakuwa na raha hiyo. Barabara itokayo Kibwezi kupita Ikutha na Mutomo hata Kitui ilikuwa ya vumbi kwa miaka mingi, na lami haikuanza kutandazwa ila baada ya mwaka 2016. Wakati wa mvua, gari lililozuiwa na mto wa mchanga uliofurika lilingoja mpaka maji yashuke, na abiria wakalala njiani.

Kwa nyanya hakuna haraka. Kwa desturi ya Wakamba, mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba. Kwa hiyo mwanamke mzee humwita mjukuu huyo kwa jina la mumewe, naye humfanyia mzaha kana kwamba ndiye mume aliyerudi kutoka safarini. Mbuzi huchinjwa, na majirani huitwa. Isyo huwekwa jikoni tangu asubuhi. Mjukuu huonyesha simu yake na kueleza jinsi watakavyoonana nyuso jioni akiwa mbali. Nyanya husikiliza kwa adabu. Halafu, wageni wakisha kwenda zao, huuliza lile neno ambalo simu haiwezi kulijibu: "Mume wangu, utanikuta?"

Hapo ndipo kijana mwenye akili huacha kuzungumza habari za dola. Muda wa miezi 4 si mrefu kwa mtu wa miaka 21, lakini kwa mtu wa miaka 85 ni sehemu kubwa ya umri uliobaki. Tena mambo ya safari hizi ni magumu kuliko yanavyoelezwa katika mikutano ya kuwatafuta wanafunzi. Tikiti imekwisha kulipwa, kwenda na kurudi, na huenda kwa mkopo. Kazi ni ya siku zilizohesabiwa, na asiyefanya kazi hana cha kulipia deni. Msiba ukitokea Mutomo mwezi wa Julai, aliyeko Marekani atauona katika simu: kaburi, wazee waliosimama, turubai iliyofungwa kwenye miti. Hawezi kuja. Kwa sababu hiyo wazee hushikilia ya kwamba kuaga kufanywe ana kwa ana, wala si ukaidi wa watu wasiojua mambo ya kisasa.

Kutoka Mutomo njia huteremka kusini hata Ikutha kwa mjomba. Kaka wa mama ana heshima yake Ukambani, na kijana anayepita mlangoni pake bila kuingia hufanya kosa litakalokumbukwa harusini. Mjomba hutoa maneno mengi na fedha kidogo, nayo hupokewa kwa mikono miwili. Baada ya Ikutha msafiri huvuka mto Athi, akafika Kibwezi penye mibuyu, na hapo huingia katika gari la moshi la reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017. Jina la zamani limebaki, ingawa injini zake zatumia dizeli. Alasiri yuko Mombasa.

Wako watakaoshangaa kwamba safari ya kuaga ya mtu wa Mutomo ifike pwani. Wasishangae. Wafanyi biashara wa Kikamba walikuwa wakiteremka Mombasa na pembe za ndovu katika karne ya 19, na wengine walifanya makao karibu na Rabai. Mwaka 1849 mmishenari Krapf alipotoka Rabai kwenda Kitui alimfuata Kivui, mfanyi biashara mkuu wa huko, na kutoka nchi hiyo ndipo alipouona Mlima Kenya. Kivui aliuawa safarini mwaka 1851. Baadaye, katika miaka ya 1950, Serikali ya ukoloni iliwapa Wakamba mashamba huko Shimba Hills, katika Kwale, na wajukuu wao wako huko mpaka leo, wakisema Kikamba nyumbani na Kiswahili cha pwani sokoni. Kwa hiyo kijana aliyemwaga kaka yake Changamwe hana budi kuvuka kivuko cha Likoni na kupanda milima ya Kwale, kwa kuwa yuko huko ndugu wa babu ambaye hajapata kumwona tangu utotoni, naye amekwisha kupata habari ya kwamba kijana yuko Mombasa.

Kuaga kwa namna hii kulipata ukubwa wake katika miaka ya 1959 hata 1963, wakati wa zile ndege za wanafunzi zilizotengenezwa na Bwana Tom Mboya na rafiki zake wa Marekani. Bwana Mboya alizaliwa katika shamba la mkonge huko Kilima Mbogo, akasoma katika misheni ya Kabaa, Machakos, na Kikamba alikijua vizuri. Ndege ya kwanza iliondoka Nairobi Septemba 1959 ikiwa na wanafunzi 81. Huko Marekani watu mashuhuri kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier walitia sahihi barua ya kuomba michango. Huku Kenya wanakijiji waliuza ng'ombe, kuku na mahindi, wakafanya karamu za chai ambazo kila kikombe kilikuwa mchango. Aliyekwenda kuaga alikuwa pia anakusanya nauli na fedha za matumizi. Wangari Maathai aliondoka mwaka 1960 kwenda chuo kimoja huko Kansas, naye hakurudi nyumbani ila Januari 1966. Katika miaka hiyo yote jamaa waliishi kwa barua. Mtu aliyeagwa siku zile aliagwa kwa kweli.

Leo mchango hupita katika M-Pesa, na mtu hujua kabla hajalala ni nani ametoa na nani amenyamaza. Wepesi huo una hatari yake. Mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana mjini Eldoret wakidai fedha walizolipa ili watoto wao wakasome Finland na Kanada, safari ambazo wengi wao hawakuziona. Mbuzi wakisha kuuzwa hawarudi zizini kwa maandamano. Yafaa basi mwanafunzi awe na viza mkononi kabla hajaanza kuzunguka kwa jamaa, na mjomba akiuliza mwajiri ni nani na mshahara ni kiasi gani kwa saa, ajibiwe kwa karatasi.

Nyumba ya mwisho ni ya shangazi huko Embakasi, ambako ndege husikika zikipaa usiku. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1958, na ni kutoka hapo wale 81 walipoondokea mwaka uliofuata. Ndege ya Wangari Maathai ilitua mahali pengi kabla ya kufika New York; tangu Oktoba 2018 ipo ndege ya Kenya Airways iendayo moja kwa moja kwa muda wa saa 15 hivi. Shangazi hufungua sanduku lililofungwa vizuri na kulifunga upya. Chupa ya asali ya Kitui huviringishwa katika fulana, na kijana huambiwa aitaje kwa maofisa wa forodha atakapofika, maana wao hutaka kuambiwa habari ya kila chakula. Ndengu zilizotoka Mutomo katika kiondo cha nyanya hubaki jikoni kwa shangazi. Simu hupigwa Mutomo. Mwanamke mzee amekwisha kulala, asema mama, lakini ameacha neno: mvua zikianza Oktoba, shamba la kando ya mbuyu litahitaji mtu wa kulima.