Alfa-neurotoksini

Alfa-neurotoksini ni protini ndogo zilizomo katika sumu ya nyoka wa familia Elapidae, kama vile fira, koboko na nyoka wa Asia wa jenasi Bungarus. Huziba vipokezi vya asetilikolini kwenye misuli, hata misuli ishindwe kupokea amri ya neva. Mtu aliyeumwa anaweza kufa kwa kukosa pumzi ilhali ubongo wake ulikuwa mzima.

Jinsi zinavyofanya kazi

Ili msuli ujikaze, ncha ya neva hutoa kemikali iitwayo asetilikolini. Kemikali hiyo huvuka nafasi nyembamba sana iliyopo kati ya neva na msuli, kisha hushika kipokezi kwenye utando wa seli ya msuli. Kipokezi hicho kimeundwa kwa vipande vitano vya protini vilivyojipanga duara na kuacha tundu katikati. Kina sehemu mbili za kushikwa na asetilikolini. Zote mbili zikishikwa, tundu hufunguka, ioni za sodiamu huingia ndani ya seli na msuli hujikaza.

Alfa-neurotoksini ina asidi amino 60 hadi 75 hivi tu, na mnyororo wake umejikunja kwa umbo la vidole vitatu. Protini hiyo hukaa mahali palepale pa asetilikolini. Walimu wa biolojia tunapenda mfano wa kufuli na ufunguo. Hapa ni ufunguo wa nyumba nyingine uliovunjikia ndani ya kufuli. Mlango haufunguki, na ufunguo wenyewe hauna pa kuingia. Neva inaendelea kutoa amri, lakini msuli hausikii.

Kwanza kope hulegea na macho huona kitu kimoja kama viwili. Kisha kumeza na kusema huwa shida, na mwishowe misuli ya kupumulia husimama. Kwa kuwa protini hizi haziingii ubongoni kwa urahisi, mgonjwa anaweza kusikia kila neno linalosemwa karibu naye bila kuweza kufumbua jicho. Wanaomzunguka wasiharakishe kudhani kwamba amekufa.

Kumsaidia kupumua huokoa maisha, kwa sababu msuli haujafa bali umezibiwa masikio tu. Dawa ya kupambana na sumu ya nyoka ina kingamwili zinazonasa protini hizi, na hufanya kazi vizuri zaidi zikiwa bado katika damu. Kwa hiyo safari ya hospitali haifai kucheleweshwa. Kuchanja jeraha au kubandika jiwe la nyoka hakuondoi sumu.

Sumu ya nyoka ni mchanganyiko wa protini nyingi. Ile ya swila, kwa mfano, ina protini nyingine zinazotoboa utando wa seli na kuozesha nyama.

Nguchiro hustahimili sumu ya fira kuliko wanyama wengi wa ukubwa wake. Kipokezi chake kina mabadiliko machache ya asidi amino, na juu yake kuna molekuli ya sukari inayozuia sumu isikae. Kipokezi cha fira mwenyewe kina kinga kama hiyo.

Matumizi katika utafiti

Mwaka 1963 C. C. Chang na C. Y. Lee wa Taiwan walitenga alfa-bungarotoksini, yenye asidi amino 74, kutoka sumu ya Bungarus multicinctus. Protini hii ikishika kipokezi haiachii kwa urahisi. Wakati huo kipokezi kilikuwa bado wazo la vitabuni. Mnamo 1970 Lee na Jean-Pierre Changeux wa Ufaransa waliitumia kukitambua katika samaki wa umeme, ambaye kiungo chake cha umeme kimejaa vipokezi vya aina hiyo.

Mwaka 1973 watafiti wa Marekani waliifungia iodini nururifu wakahesabu vipokezi katika misuli ya wagonjwa wa miastenia gravisi. Walikuta vichache kuliko vya watu wazima wa afya. Baadaye ilifahamika kwamba mwili wa mgonjwa hutengeneza kingamwili dhidi ya vipokezi vyake wenyewe. Dalili za mwanzo za ugonjwa huo ni kope kulegea na kuona kitu kimoja kama viwili.