Kutolewa kizazi wakati wa kujifungua: tafiti zinaonyesha nini, na wewe uulize nini

Mama aliyetolewa kizazi wakati wa kujifungua hurudi nyumbani na kidonda na swali ambalo mara nyingi hakuna aliyemjibu: je, ilikuwa lazima? Mtaani majibu hayakosekani. Wapo watakaosema daktari alikuwa na haraka, wapo watakaosema mama mwenyewe alichelewa kwenda hospitali, na wapo watakaotaja mambo ambayo sitayaandika hapa. Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii na kazi yangu hunipeleka kwa akina mama majumbani katika siku 42 za mwanzo baada ya kujifungua. Swali hilo nalisikia mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Sizungumzii kizazi kinachotolewa kwa sababu ya uvimbe au saratani. Operesheni hiyo hupangwa mapema, na mama hupata muda wa kuuliza na kujiandaa. Nazungumzia ile ya dharura, inayofanyika mama akiwa anajifungua au saa chache baadaye, damu ikiwa imekataa kusimama.

Damu hiyo inatoka wapi

Mimba ikikaribia kutimia, zaidi ya nusu lita ya damu hupita kwenye kizazi kila dakika. Kondo la nyuma likishatoka, mishipa iliyokuwa ikililisha inabaki wazi. Kinachoifunga ni misuli ya kizazi chenyewe, ambayo hujikaza na kuibana. Ndiyo maana mkunga hukuminya tumbo baada ya mtoto kutoka, hata kama unalalamika kuwa inauma. Anatafuta kitu kigumu kama mpira. Akikuta tumbo laini, kizazi kimelegea, na huko kulegea ndiko chanzo kikubwa zaidi cha damu nyingi baada ya kujifungua.

Vyanzo vingine ni kipande cha kondo kubaki ndani, njia ya uzazi au kizazi kuchanika, kondo kuota mahali pabaya, na damu yenyewe kushindwa kuganda.

Kabla ya kufika kwenye kutoa kizazi kuna hatua kadhaa: kukanda tumbo, dawa za kukaza kizazi, kutoa mkojo ili kibofu kisizuie kizazi kujikaza, kusafisha mabaki ya kondo, kuingiza puto ndani ya kizazi ili libane mishipa. Hospitali yenye chumba cha upasuaji inaweza pia kukishona kizazi kikiwa kimekunjwa kibaki kimebanwa. Ushonaji huo ulielezwa kwa madaktari wenzake mwaka 1997 na Dk. Christopher B-Lynch, aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, na umewaachia wanawake wengi vizazi vyao. Lakini kizazi kikiwa kimepasuka vibaya, au kondo likiwa limejichimbia ndani ya ukuta wake, daktari anaweza kulazimika kwenda moja kwa moja kwenye kukitoa. Hapo kungoja ndiko kunakoua.

Operesheni moja, matokeo mawili

Mwaka 2016 ulichapishwa uchambuzi uliounganisha tafiti 128 kuhusu wanawake waliotolewa kizazi wakati wa kujifungua. Kwenye nchi zenye kipato kikubwa, ilitokea kwa wanawake wasiofika 1 katika kila uzazi 1,000 (0.7). Kwenye nchi zenye kipato kidogo ilikuwa 2.8 katika kila 1,000, yaani mara nne zaidi. Kati ya kila wanawake 100 waliotolewa kizazi, walifariki 2.5 kwenye nchi tajiri na 11.9 kwenye nchi maskini. Kwa wastani wanawake hao walipoteza lita 3.7 za damu. Pima mwenyewe kwa madumu ya maji nyumbani uone ni kiasi gani.

Miili ya wanawake haitofautiani kiasi hicho kutoka nchi moja hadi nyingine. Tofauti ni muda uliopita kabla mtu hajagundua damu ni nyingi, dawa kuwepo au kutokuwepo, umbali wa kwenda hospitali ya rufaa, chupa za damu kwenye jokofu, na daktari anayejua operesheni hiyo kuwa zamu usiku ule. Kwa hiyo, mama, ukiuliza "kwa nini walikitoa?" umeuliza nusu. Nusu ya pili ni "nini kilifanyika kabla ya hapo, na kilifanyika saa ngapi?"

Saa ya kwanza

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017 ulihusisha wanawake 20,060 katika nchi 21, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda. Ulijaribu dawa ya sindano inayosaidia damu iliyoganda isiyeyuke, iitwayo asidi ya traneksamiki. Ilipunguza vifo vya kutokwa damu, hasa ilipotolewa ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Lakini idadi ya waliotolewa kizazi haikupungua: ilikuwa karibu sawa kwa waliopata dawa na wasiopata. Watafiti waligundua kwamba mara nyingi uamuzi wa kutoa kizazi ulikuwa umeshafanywa wakati ule ule mama alipoingizwa kwenye utafiti. Dawa ilifika mlango ukiwa umeshafungwa. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida ya dawa hiyo kwa takriban asilimia 10.

Basi tatizo likahamia kwingine: tunagunduaje mapema? Kwa miaka mingi damu ilikadiriwa kwa macho. Na macho yanadanganya. Damu ikinywewa na kanga na pamba, nyingine ikiwa sakafuni imechanganyika na maji ya uzazi, hata mkunga mzoefu huona ndogo.

Utafiti uitwao E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023, ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa wanawake zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Nusu ya hospitali ziliendelea na utaratibu wake wa kila siku. Nyingine zilipewa mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, unaowekwa chini ya mama ili damu ikusanyike na kusomeka. Mstari ukifikiwa, mkunga hafanyi jambo moja na kungoja kuona kama limesaidia. Anakanda kizazi, anatoa dawa ya kukikaza, anatoa asidi ya traneksamiki, anaweka dripu, anachunguza damu inakotoka na kuita msaada, vyote kwa pamoja. Kwa mfuko huo, kutokwa damu nyingi kuligunduliwa kwa wanawake 93 kati ya kila 100 waliokuwa nako. Kwa utaratibu wa zamani waligunduliwa 51 tu. Damu ya hatari, operesheni ya tumbo kwa sababu ya damu na vifo, vikihesabiwa pamoja, vilipungua kwa asilimia 60. Sehemu kubwa ya upungufu huo ni ya damu yenyewe, kwa hiyo mtu asikuambie imethibitika kuwa vizazi kadhaa viliokolewa. Hata hivyo, mama ambaye damu yake imesimamishwa ikiwa nusu lita hana sababu ya kupelekwa kwenye kisu.

Kama umewahi kujifungua kwa upasuaji

Hili naliona halisemwi vya kutosha kliniki. Kovu la upasuaji likiwa kwenye kizazi, kondo la mimba inayofuata linaweza kuota juu yake na kujichimbia. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2006 uliwaangalia wanawake ambao kondo lao lilikuwa limekaa chini, likiziba mlango wa kizazi. Waliokuwa wakifanyiwa upasuaji wa kwanza, 3 kati ya 100 walikutwa kondo limejichimbia. Waliokuwa kwenye upasuaji wa pili walikuwa 11, na wa tatu 40. Sisemi ukatae upasuaji ukiambiwa unahitajika. Upasuaji wenye sababu unaokoa wewe na mtoto. Ila uliza sababu, na kwenye mimba inayofuata omba kipimo cha altrasaundi kionyeshe kondo limekaa wapi. Likiwa chini na una kovu, usijifungulie zahanati wala nyumbani. Panga hospitali yenye damu na chumba cha upasuaji, na upange mapema.

Wengine wote, anzeni na damu yenu wenyewe. Mama mwenye upungufu wa damu hana akiba, hata damu kidogo ikitoka humzidi. Meza vidonge vya kuongeza damu vya kliniki kila siku, hata vikikuletea choo cheusi; hiyo si hatari. Jua kundi lako la damu na watu wawili watatu wa kukuchangia.

Na wewe unayemsindikiza: usitupe pedi wala kanga zilizolowa kabla muuguzi hajaziona. Mama akisema kizunguzungu, kiu kali au moyo unakwenda mbio, au akianza kuropoka, nenda ukamwite mtu sasa hivi. Ukiambiwa "ni kawaida", muombe kwa heshima aje aangalie mwenyewe.

Kama kizazi kimeshatolewa

Unayo haki ya kuelezwa, wewe mwenyewe, si mume wala mama mkwe peke yao, ni nini kilitokea na kwa nini. Omba iandikwe kwenye karatasi ya kuruhusiwa. Uliza mambo mawili hasa: je, ovari zimebaki? Je, mlango wa kizazi umebaki?

Mara nyingi ovari huachwa. Hutapata hedhi wala mimba tena, lakini homoni zako zinaendelea, kwa hiyo hujazeeka ghafla kama watu wanavyosema. Tendo la ndoa linawezekana baada ya kupona, kwa kawaida baada ya wiki 6 na kuchunguzwa. Kunyonyesha pia kunawezekana, kwa sababu maziwa hayatengenezwi na kizazi. Ila kama ulipoteza damu nyingi sana na maziwa hayatoki kabisa, mwambie muuguzi, kwa kuwa wakati mwingine tezi ya kichwani inayoyaamuru huathirika. Rudi hospitali bila kungoja tarehe ukipata homa, uchafu wenye harufu, mguu mmoja kuvimba, au mkojo kuvuja bila wewe kuuzuia.

Na kama mlango wa kizazi umebaki, endelea kupima saratani ya mlango wa kizazi kama wanawake wengine. Ukifika, waambie ulifanyiwa operesheni gani na uwaonyeshe ile karatasi.