Mhandisi wa Meli ya Mkongo

Mtakumbuka siku ya Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, mtandao ulipozorota katika Tanzania. Hapa Masoko vijana walisimama ukingoni mwa ziwa letu wakiinua simu zao, wakidhani mnara umeharibika. Kumbe kosa lilikuwa mbali mno, chini ya bahari baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, ambako mikongo miwili, EASSy na Seacom, ilikuwa imekatika. Meli iitwayo Léon Thévenin ilitoka Cape Town kwenda kuiunga.

Tangu siku hiyo mwanafunzi wangu mmoja ataka kuwa mhandisi mkuu wa meli kama hiyo. Mama yake, ambaye hajapata kuiona bahari, alinijia na hofu yake, akaniuliza: “Maalim, kazi gani hiyo ya kuzamia nyaya?”

Basi nilimweleza kwamba mhandisi hazamii. Mkongo huvutwa juu kwa ndoana ya chuma iburutwayo chini ya bahari, na mafundi wengine huunga nyuzi zake za kioo, nyembamba kama unywele. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, na muda wote huo meli haina budi kusimama pale pale, bila ya nanga, upepo ukivuma na mkondo ukienda. Huishika mahali pake kwa rafadha zinazozunguka bila kupumzika. Umeme wake ukizimika, meli husukumwa, na mkongo ulioshikwa huweza kukatika upya. Jenereta, mafuta, pampu, usukani, hata maji ya kunywa, yote yamo mikononi mwa mhandisi mkuu, naye yuko chini kwenye joto na kelele. Kitu kikivunjika huko, hakuna gereji ya kukimbilia. Hutengeneza kwa vipuri alivyovichukua.

Wala jambo hili si geni pwani yetu: tangu mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi ulipita chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, ukaendelea Msumbiji na Durban.

Sikumficha mama yule kwamba mabaharia hukaa miezi mbali na watoto wao, na kwamba cheo hicho hupatikana baada ya miaka mingi ya baharini na mitihani. Chuo cha Bahari kipo Dar es Salaam. Nilimwomba asimkatalie wala asimruhusu sasa. Kwanza ampeleke Kyela akaione meli ya Ziwa Nyasa na kusikia injini yake, kisha tutazame matokeo yake ya hesabu na fizikia, inshallah.