Mkopo wa Chuo na Makato ya Mshahara

Hapa Mbugangari familia nyingi zinategemea biashara ndogo ndogo ya kuvuka Goma. Mpaka ulipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, fedha ya ada ilikatika, na vijana wengine wakaacha chuo wakiwa wamebakiza kidogo.

Wako wanaodhani mkopo wa wanafunzi unaotolewa na benki ya maendeleo, BRD, ni zawadi. Sivyo. Kwa sheria ya mwaka 2015, aliyekopa akipata kazi mwajiri humkata si chini ya asilimia 8 ya mshahara kila mwezi na kupeleka benki. Mwenye faranga 60,000 hukatwa 4,800. Hiyo ni sabuni na sukari ya nyumbani, hatukatai. Lakini anayeacha masomo njiani hubaki na deni bila cheti, na huyo ndiye tunayemhofia zaidi.

Nanyi mnaokatwa sasa, tazameni karatasi ya mshahara kila mwezi, kisha ombeni BRD taarifa ya deni mlinganishe. Hesabu zikipishana, leteni karatasi zote mbili kwa mjumbe wa chama kabla hamjatia sahihi lolote ofisini.