Samaki wa Matemwe analelewa wapi?

Ukikaa ufukweni Matemwe asubuhi ngalawa zinaporudi, utasikia malalamiko yaleyale: samaki wamepungua, na wanaopatikana ni wadogo. Sababu tunazitafuta hapahapa, kwenye mwamba wa Mnemba. Leo, msikilizaji wetu, tuangalie upande mwingine: kule samaki anakokulia kabla hajafika mwambani.

Mlango wa mto ni nini?

Ni pale mto unapoingia baharini na maji baridi yakachanganyika na maji ya chumvi. Mto huleta tope lenye rutuba, na bahari huleta maji mapya kila inapojaa. Hapo ndipo mikoko hustawi. Mizizi yake iliyosongamana humzuia samaki mkubwa kupenya, kwa hiyo vichanga vya samaki, kamba na kaa hujificha humo, hula na kukua.

Nchini kwetu mfano mkubwa ni delta ya Rufiji, yenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko yote Afrika Mashariki. Kwa karne nyingi boriti za mikoko ya Rufiji zilipakiwa majahazini, na ndizo zilizobeba dari nyingi za nyumba za Mji Mkongwe.

Mbona huku hatuna mto?

Kweli, mashariki ya Unguja ni ardhi ya mawe. Mvua ikinyesha, maji mengi huzama chini. Lakini tuna Ghuba ya Chwaka. Ukitoka Matemwe kuelekea kusini utapita Pwani Mchangani, Kiwengwa, Pongwe na Uroa, kisha unafika. Chwaka si mlango wa mto kamili, ila kazi yake ni ileile: nyuma kuna mikoko, mbele kuna majani ya bahari, na samaki wadogo wamejaa.

Watafiti walithibitisha jambo hili katika pwani ya Tanzania kwa kuchunguza vijiwe vilivyomo kichwani mwa samaki. Kijiwe hukua tabaka kwa tabaka, kama mti, na kila tabaka huhifadhi alama ya mahali samaki alipokuwa akila. Walipopima vijiwe vya samaki wakubwa waliovuliwa mwambani, waligundua kuwa wengi wao utoto wao ulikuwa kwenye mikoko na majani ya bahari.

Maana yake ni kwamba mkoko ukikatwa Chwaka, hasara inaweza kufika mpaka kwenye dema lako Matemwe.

Hatari ziko wapi?

Ya kwanza ni ukataji wa mikoko kwa kuni, makaa, boriti na kuchomea chokaa. Ya pili ni nyavu za macho madogo zinazokokotwa juu ya majani ya bahari. Hizo huzoa vichanga na kung'oa majani yenyewe.

Ya tatu hutoka mbali na pwani. Huko Pangani, mabwawa na kilimo cha umwagiliaji vimepunguza maji ya mto, na maji ya chumvi yanapanda juu zaidi na kuharibu mashamba. Rufiji nako mikoko imefyekwa kupisha mpunga. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Disemba 2022, linatupa umeme, lakini bwawa lolote hubakisha nyuma sehemu ya tope ambalo delta hulitegemea.

Tufanye nini?

Eneo la hifadhi ya bahari linaanzia Mnemba mpaka Ghuba ya Chwaka, kwa hiyo wavuvi wa Matemwe na wa Chwaka wana haki ya kukaa kikao kimoja. Ukiona mikoko inakatwa ovyo, mwambie sheha au kamati ya uvuvi ya kijiji chako. Usinunue vichanga vya samaki, maana mnunuzi akikosekana, wavu ule hautatoka. Na mkipanda mikoko, waulizeni wazee kwanza: mkoko ukipandwa pasipo pahala pake hufa, na kazi yenu yote hupotea.

Mwamba wa Mnemba tunauona kila siku. Anayeujaza samaki yuko kule topeni, Chwaka.