Darubini ya Kwanza: Kipenyo Kabla ya Ukuzaji

Wahenga walinena kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu. Kauli hiyo yamfaa mwanafunzi anayedunduliza akiba ili anunue darubini ya kutazama sayari. Aghalabu mnunuzi huvutiwa na maandishi ya kwenye kasha yanayodai kuwa chombo hukuza mara 525. Siku chache baadaye chombo huishia mvunguni, naye huamini kwamba elimu ya sayari haikuumbiwa watu wa kawaida. Kosa si lake wala si la mbingu. Makala haya yananuia kufafanua mambo matatu ya kuzingatiwa.

Kwanza ni kipenyo. Neno darubini lina asili ya Kiajemi: *dur* ni mbali na *bin* ni kuona. Hata hivyo, kuona mbali hutegemea mwanga unaokusanywa na lenzi au kioo kikuu. Kioo cha milimita 120 hukusanya mwanga mara nne ya lenzi ya milimita 60, kwa kuwa eneo hufuata mraba wa kipenyo.

Pili ni ukuzaji. Huu hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi wa darubini kwa ule wa lenzi ya jicho: milimita 1200 kwa milimita 10 ni mara 120. Ukuzaji wenye manufaa hauzidi takriban mara mbili kwa kila milimita ya kipenyo. Hivyo basi, lenzi ya milimita 60 hukomea mara 120. Zaidi ya hapo ni ukungu mtupu. Ikumbukwe kuwa mwaka 1610 Galileo aliiona miezi minne ya Mshtarii kwa darubini iliyokuza takriban mara 20 tu.

Tatu ni egemeo. Egemeo la ikweta lina mhimili unaoelekezwa kwenye ncha ya anga. Nchini Kenya ncha hiyo imelala karibu na upeo wa macho, na maegemeo mengi yaliyoundiwa latitudo za Ulaya na Marekani hayateremki kiasi hicho kwa urahisi. Egemeo la Dobson ni sahili: huzunguka kando, huinuka na kushuka. Udhaifu wake ni kuwa sayari ikiwa utosini hufuatwa kwa shida. Yafaa kungoja iteremke kidogo.

Kwa hiyo, mwenye uwezo na atafute Dobson ya milimita 150. Mwenye kidogo na achague lenzi ya milimita 70 juu ya miguu mitatu iliyo imara. Hata hiyo itamwonyesha pete za Zohali, mikanda ya Mshtarii na Zuhura ikiandama kama mwezi.

Hatimaye, darubini isielekezwe kamwe kwenye jua bila chujio maalumu lililofunika mdomo wake wa mbele. Chujio la kwenye lenzi ya jicho huweza kupasuka kwa joto, na jicho likipofuka halina spea.